Mama Funguo na Mlango Uliogeuzwa Meza

Mama yetu, bibi yetu, dada yetu, ambaye wengi tulimwita Mama Funguo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu wa mama muuza mkaa na baba mpiga chapa. Alikuja duniani na kilio kilichowafanya kuku wa jirani wasitage siku tisa. Anayebisha akawaulize kuku.

Alisoma hadi darasa la nane. Alisimamishwa mara moja tu, kwa kumfungia mwalimu wa hesabu stoo. "Nilitaka kuona atafanyaje," alijitetea. Mwalimu aliupiga mlango mateke mpaka kisigino kikavimba.

Tarehe 2 Januari 1978 aliajiriwa mhudumu katika kituo cha vijana wenye maradhi ya akili. Alikabidhiwa mikanda minne ya kuwafungia kitandani, na funguo za Chumba cha Utulivu, ingawa humo hakutulia mtu. Kijana aliyepandwa na hasira alibebwa mzobemzobe, akatupwa ndani, mlango ukakomewa. Mateke yalikuwa mengi hata fundi seremala akawa haondoki pale. Aliurekebisha mlango huo mara kumi na moja, na mara sita za mwisho bawaba alizilegeza mwenyewe ili aitwe tena. Yeye na marehemu walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1981, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1989 marehemu alimfungulia msichana wa miaka kumi na minne aliyeitwa Radi, vidole vya miguu vimechubuka.

"We mtoto, mlango umekukosea nini?"

"Nyie hamniulizi, Mama. Nikishikwa ndio nazidi. Niacheni nitembee tu, hasira itashuka yenyewe."

Marehemu akakumbuka kisigino cha mwalimu wake. Kuanzia siku hiyo kila kijana aliyeingia aliulizwa: ukichafukwa, tukusaidieje? Majibu aliyaandika daftarini. Mmoja alitaka maji baridi usoni, mwingine blanketi zito, Radi alitaka korido. Siku moja waliizunguka pamoja mara mia mbili. Marehemu alisema thelathini, lakini alikuwa mtu wa kujishusha.

Daktari mkuu alimwonya, "Ukivunjwa meno usije kunililia." Meno alibaki nayo; aliteguka kifundo cha mkono. Na mwaka 1996, zamu ikiwa na wahudumu wawili tu, alimfunga kijana mmoja mikanda kwa saa tatu. Hakuficha. Kesho yake alimwomba radhi mbele ya wenzake, na tangu hapo, kila mtu alipofungwa, wahudumu walikaa naye baadaye awaeleze walipokosea. Tarehe 30 Juni 2003, mwaka mzima ukiwa umepita bila kufungiwa mtu chumbani, fundi aliung'oa mlango wake akaugeuza meza ya chakula. Tundu la kuchungulia bado lipo. Vijana hupitishia maganda ya machungwa.

Kiharusi kilimpata tarehe 11 Februari 2022. Hospitalini alichanganyikiwa, akawa anang'oa dripu kila inapowekwa. Muuguzi akaja na bendeji amfunge mikono kitandani. Radi, ambaye sasa ni fundi cherehani na mama wa watoto wawili, alisimama katikati yao.

"Dada, subiri kidogo. Naye yumo daftarini."

Akalitoa daftari la marehemu mkobani, akafungua ukurasa wa mwisho. Kwa mwandiko wa marehemu palisomeka: "Mimi nikichachamaa, nipeni funguo zangu nizishike. Na msinibishie."

Muuguzi alicheka, bendeji akairudisha mfukoni. Funguo zikaletwa. Marehemu alizipapasa moja moja, dripu akaisahau kabisa. Alifariki tarehe 3 Mei 2022, saa nne asubuhi, mikono yake yote miwili ikiwa huru juu ya shuka.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja mwenye kutia chumvi nyingi, na Radi, ambaye amekabidhiwa funguo zisizo na mlango.

Apumzike kwa amani, wala pasiwe na wa kumkomea.