Kapita wa Mupira Bila Arbitre

Hapana Papa, haiko vile. Samahani nakukatia maneno, lakini nimeona vile unatikisa kichwa hata mbele nifungue kinywa. Unasema ushuhuda iko ya mutu mwenye alikuwa mugonjwa, ao mwenye alitoka mu gereza. Mutoto mwanamuke asisimame mu kanisa, mbele ya Mungu, kusema mambo ya mupira ya mu televizyo. Muzuri. Mi pia ile mupira naichukia. Naichukia kupita weye. Njo maana nitaisema.

Ndugu zangu, munayua vile maisha ilianguka, sitabaeleza mingi. Kampuni yenye baba alikuwa anatumikia ilifunga. Kisha ikakuya ile juma ya pillage, bantu bakapora kila kitu, magazini ya mu ville ikabakia bila milango. Masomo ikasimama juu bamwalimu hawakulipwa, na mi nilibakisha mwaka moja tu nimalize humanités, masomo ya sekondari. Siye tukatoshwa mu nyumba ya kampuni, tukakuya huku Kasungami, mu nyumba ya matofali mabichi, na kipande ya shamba yenye mama alipewa na dada yake.

Baba yangu alikuwa kapita. Benye hawayui: kapita njo mwenye anaongoza ekipe ku kazi. Kila asubuhi alikuwa anasimama mbele ya bantu bake na kofia ya chuma ku kichwa, anafanya appel bila karatasi. Anaita jina, mutu anajibu «Présent!», kisha anamupa kazi yake. We, masini. We, ngazi. We, taa. Ile njo baba mwenye nilimuyua.

Mwenye alikuya huku ni mwengine. Asubuhi anakaa. Mangaribi anakaa. Kofia ya chuma mama aliiwekea mayai.

Kisha masini ya mchezo ikafika.

Kulikuwa jirani moja, simutaji jina, mutu ya kucheka-cheka. Siku za pillage bengine balibeba unga. Yeye alibeba televizyo ndogo, kasanduku ka michezo, na kasete moja. Moja tu! Mutu anaingia mu magazini, kuko mafuta, kuko sabuni, kuko samaki ya Kilwa mu bitunga, yeye anatoka na mupira ya mu kasanduku. Akafunga batri ya motokari, akapanga mabenchi chini ya mabati, na banaume bote ba avenue, njia yetu muzima, bakahamia kule. Baba yangu wa kwanza.

Munataka kuyua ile mchezo iko namna gani? Siku mama alinituma kuita baba akule, mwenye masini alinieleza na kiburi, utasema yeye njo aliitengeneza:

«Aba batoto unaona, haiko ba footballeurs. Iko bale bale ba mchezo ingine, wa kupigana mu njia. Benye kuutengeneza balibatosha mule, bakabavalisha jezi, bakabaambia: sasa muchezeni mupira.»

«Na arbitre, mwenye kupiga filimbi?»

«Arbitre ya nini, kadada? Angaria!»

Kweli, katoto kamoja ka kichwa mukubwa, macho sawa mbegu ya maharagi, kakamurukia mwenzake na goti mu mbavu, kakanyanganya mupira, mwenzake akalala chini, mchezo ikaendelea. Hakuna filimbi. Banaume bakapiga mikono.

Nilisema mu roho: bandi, banyanganyi ba njia, bamepewa jezi. Siye tunabalipia batri ya nini? Mu njia beko wengi, na kravati ku shingo.

Na kuko ujinga ingine, nafasi hii munisikilize muzuri. Mu ile mchezo unashika kapita peke yake. Benzake haubasogeze. Kuko butoni ya kubatuma: hii inasema nipe mupira, ile inasema piga ku goli. Lakini banaume betu! Kila moja anakimbia na kapita peke yake toka goli mupaka goli, ngumi kushoto, teke kuume, bananyanganya mupira yake, kisha anatukana benzake ba mu kiyo ya televizyo: «Angaria bavivu! Banasimama tu!» Siku muzima. Banaume na ndevu yabo, banatukana bisanamu benye hakuna mutu aliwaambia kitu.

Wakati ile mi na mama tulikuwa tunalima. Udongo ilikuwa nguvu sawa sementi. Mawingu ilianza kukusanyika, na kila mutu hapa anayua: mvua ikipita na mahindi ingali mu mufuko, mwaka ule hakuna bukari, ugali wetu. Mama aliumia mugongo ku matuta ya katikati. Akalala. Mi nikabakia peke yangu na jembe.

Ndugu zangu, minabaambia kweli, niliacha kuomba. Nilikuwa nakuya hapa kati yenu, napiga mikono na kinywa yenye imefungwa. Chakula ya baba nilikuwa naiweka chini bila neno, naenda. Nilimuzarau. Nilibazarau bote, na ninyi ndani.

Siku moja mawingu ikakuwa nyeusi kabisa upande wa Karavia. Mama hakuweza hata kugeuka mu kitanda. Nikatupa jembe, nikaenda chini ya yale mabati.

Baba njo alikuwa ameshika maneti, kale ka butoni ka kuchezesha. Na hakuwa anakimbia! Kapita wake alisimama katikati ya uwanja, ametulia, na baba alikuwa anatuma. Huyu, mupe yule. Yule, ngoya. Sasa piga. Goli. Tena goli. Banaume bamesimama juu ya mabenchi, «Kapita! Kapita!», na baba yangu alikuwa anacheka. Toka kampuni ifunge sikuwa nimeona meno yake.

Mutoto muzuri angefurahi. Mi niliwaka.

«Baba.»

Akafinya butoni tena.

«Baba! Bale ba mu kiyo unayua kubatuma. Siye ba ku nyumba, nani atatutuma? Mama analala na mugongo. Mi niko peke yangu mu shamba. Hata jina yangu ulishaisahau.»

Mwenye masini akaruka: «Eh, kadada, heshima! Baba yako anaongoza!»

«Anaongoza nani? Bandi ba plastiki?»

Moja alianza kucheka, akaacha. Baba akaweka maneti chini polepole, sawa mutu anaweka yai. Akatoka. Hakupita njia ya kwetu. Nilirudia ku nyumba, mama akanisikiliza, akasema tu: «Umemuvua baba yako nguo mu bantu.»

Asubuhi nilienda ku shamba nikiyua nimebakia bila baba. Nikakuta yeye amenitangulia. Amevaa kofia ya chuma, ingali na alama ya mayai. Nyuma yake banaume ba mabenchi, bote, na majembe ya kuazima, bananyoosha mikono na kupiga miayo. Hata mwenye masini, na viatu ya kwenda misa.

Baba akafanya appel. Kila jina, kila «Présent». We, matuta. We, mashimo. We, mbegu. We, unafunika na muguu, haiko na jembe, utaua mbegu. Leo hapa, kesho kwa jirani, mupaka avenue inaisha.

«Kapita,» mwenye masini akauliza, «mi nipige goli saa ngapi?»

«Weye unachota mayi.»

Bakacheka mupaka chini. Kisha baba akaita jina yangu. Jina yote, na ya masomo ndani. Akangoya. Mi nikainamia jembe, nikalima bila kujibu. Akangoya tena kidogo, akaita mwengine.

Mvua ilikuya na ikakuta mahindi mu udongo. Mama anatembea. Namushukuru yeye, na ba mama ba hapa benye balimukanda mugongo na balituchotea mayi bila kuulizwa. Nabashukuru bale banaume. Na mwenye masini namushukuru pia, lakini akili yake ingali ya kasete moja. Dimanche, siku ya Mungu, bangali banaicheza, na ile mchezo ingali mbaya.

Lakini kuko neno yenye nataka kubaachia. Mi nilibacheka juu banakimbia na mupira peke yabo na banatukana bengine bavivu. Mi nilifanya nini mu shamba? Nilimutuma nani mbele ya ile siku? Nilikuwa naweka sahani chini na naenda. Na weye mwenye unamuzarau mutu mu nyumba yako, kwanza mwite jina yake. Mwite hata na hasira.

Baba haiko hapa, iko ku nyumba ananoa majembe. Kila asubuhi toka ile siku anaita jina yangu, anangoya, na mi nanyamaza.

Kesho ekipe inakuya kwako, Papa, weye mwenye ulitikisa kichwa. Baba atasimama ku mwanzo wa matuta yako na kofia yake. Ataanza na bakubwa. Atafika ku jina yangu, atangoya, vile anafanyaka.

Nitanyoosha mugongo, nitamuangaria mu macho, na nitajibu mupaka banisikie ku avenue ingine: Présente.