Absalom Wekoye na Nyumba ya Vitabu ya Kitale

Leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 1997, Bwana Absalom Wekoye anastaafu baada ya kuitumikia maktaba yetu ya Kitale miaka ishirini na nane. Mimi Chepkemoi, mfagizi, nimefanya kazi naye miaka kumi na nne. Wenye elimu wapo, lakini wamesema niandike mimi, ati ndimi ninayejua hata siku ambazo hakula chakula cha mchana.

Alizaliwa Bokoli, akaja hapa mwaka wa 1969 akiwa kijana wa kupanga vitabu. Mwenyewe husimulia kwamba siku ya kwanza alivua viatu mlangoni akidhani ni kanisa. Simlaumu. Nyumba hii marehemu Bwana Premji Devshi, muuza misumari na mabati, aliijenga kwa mali yake akaupa mji. Mawe yalikuja kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka upande wa Mlima Elgon, dari ni mbao za mtarakwa, na kila dirisha ni refu kama milango miwili ya nyumba yangu. Mtu anaingia na kelele zake za soko, anatazama juu, anashusha sauti bila kuambiwa. Nimepangusa hayo madirisha miaka yote hii na bado mwili unanisisimka. Na wazee wanasema aliyeijenga hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Mwaka wa 1984 Bwana Wekoye alipelekwa Bungoma kufungua chumba cha kusomea. Alirudi baada ya miaka miwili amekonda, na nilimwambia waziwazi. Akiwa huko ndipo alianza kupeleka sanduku la vitabu kwa wagonjwa wa hospitali ya misheni Lugulu kila mwezi. Kuna mgonjwa aliyepona, akaruhusiwa kwenda nyumbani, akakataa kushuka kitandani kwa sababu amebakisha kurasa thelathini. Bwana Wekoye akamwambia aende nacho. Kitabu kilirudi kimefungwa vizuri kwa gazeti, pamoja na kuku mmoja wa shukrani.

Lakini Novemba ya 1991 ndiyo hatutaisahau. Mahindi yalikuwa mengi, maghala yakajaa, na wakubwa fulani wa mji wakaona nyumba yetu ingefaa kuwekwa magunia. Hati ya Bwana Devshi ilisema nyumba itakuwa ya vitabu maadamu ina wasomaji. Wakikosekana, mji uitumie unavyotaka. Basi akatumwa afisa, Bwana Mathenge, kukagua daftari la wasomaji. Akafungua, akakuta kurasa kwa kurasa ni alama za vidole gumba. Akalifunga.

"Hawa si wasomaji, Mzee. Mtu wa kidole anasoma nini?"

Akampa Bwana Wekoye mpaka Ijumaa amwonyeshe wasomaji.

Kosa lilikuwa letu sisi akina mama. Wengi wetu tulijifunza kusoma hapo hapo, soko likipoa, kwenye meza ya Bwana Wekoye. Lakini kwa chifu ni kidole, kwa ushirika ni kidole, kliniki ni kidole. Tuliona daftari lolote la ofisi ni la kidole, usome usisome. Yeye naye hakutaka kutuaibisha, akatuacha. Wiki hiyo kila nikiinua macho niliona magunia yamepandana mpaka kwenye dari.

Ijumaa tulifika kama arobaini, tumenawa mikono hadi viwiko. Bwana Wekoye hakuhutubia. Alimwambia tu afisa achague kitabu mwenyewe, kisha achague mtu. Bwana Mathenge akatoa kitabu kinene cha magonjwa ya mifugo, akampa Wilkista, muuza mboga wa Kipsongo. Wilkista akafunga leso vizuri, akaanza. Pole pole kwanza, halafu kwa nguvu, ukurasa wa kwanza, wa pili.

"Inatosha, mama," afisa akasema.

"Ngoja bana!" Wilkista akamjibu bila kuinua macho. "Si ni wewe umeniletea ng'ombe mgonjwa? Wacha kwanza apone."

Watu walicheka mpaka vioo vikatetemeka. Afisa akachagua wengine sita, nami nikiwa mmoja wao. Tulisoma wote. Bwana Mathenge akavuta daftari, akaandika kwa mkono wake kwamba nyumba ina wasomaji. Magunia yakatafutiwa mahali pengine. Bwana Wekoye alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akaingia nyuma ya rafu ya kamusi, akakaa huko kitambo. Hatukumfuata.

Asante, Bwana Wekoye. Asante pia kwa mama yetu Jentrix, mke wako, aliyekungoja Bokoli miaka yote hii. Najua huko kuna joto kuliko hapa, lakini asubuhi vaa sweta, na ule kwa wakati. Mungu akujalie afya, miaka mingi, na wajukuu wa kukusumbua. Usikae huko ukiwaza juu yetu. Bwana Kiptanui, anayeshika nafasi yako, ameshapokea funguo, na leo kabla ya saa tatu asubuhi walikuwa wameingia watu kumi na wanne, kila mmoja ameshika kitabu. Enda upumzike, Mzee. Nyumba iko wazi.