King'ora Kilicholia Bila Maji

Asubuhi ile nilitokea kwenye benchi ya kahawa ya Annette nikiwa na taulo kiunoni na godoro kichwani. King'ora cha mafuriko kilikuwa kimelia, nami niliyewahi kukimbia maji ya Uvira na ya Kinshasa sikungoja kuvaa suruali. Nikawakuta wamekaa, vikombe mkononi. Mto ulikuwa mahali pake. Aliyecheka zaidi ni Muhindo, muuza sabuni kwa jumla tunayemwita Douane, yaani Forodha. Annette hakucheka. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kule ukingoni, na mwaka jana maji yalibeba jiko lake. Patrice, fundi wa redio aliyetengeneza king'ora kile, hakucheka pia.

DOUANE: Papa Visa! Unaenda Poto, kwa Wazungu, na godoro?

MIMI: Si imelia?

ANNETTE: Inalia ovyo tangu juzi. Ikilia ya kweli, nani atashituka?

DOUANE: Patrice, ampli yako, ile mashine ya kukuza sauti, iko na wazimu.

PATRICE: Ampli iko muzima. Inakula kidogo, batri moja ya pikipiki inatosha usiku muzima. Lakini niliitengeneza kwa visahani kumi na mbili vya kutoa mulio. Kila kisahani iko kama dumu: courant, ule umeme, inajaza, inamwaga, inajaza tena. Leo nimefuata waya mpaka chini. Nimekuta makumi tatu na nane.

Tukaangalia vikombe. Mohamadi, tunayemwita Docteur kwa sababu hupima presha kwa kidole, akakohoa.

DOCTEUR: Moja ni yangu. Niliunga ku chumba ya kulala. Haba na haba hujaza kibaba.

DOUANE: Mimi tatu. Niko na depo.

“Moja,” nikasema. Vilikuwa viwili.

PATRICE: Donc ndiyo ile! Ampli iko na étage tatu, ni kusema ngazi tatu, zinasukumana. Ya mwisho ikijaza dumu mingi, inachelewa. Ya kwanza inangoja jibu, jibu inakawia, inafikiri kazi haijafanyika, inasukuma tena. Alors inapiga filimbi yenyewe, hata maji hakuna.

DOUANE: Haraka haraka haina baraka! Weka étage kumi!

PATRICE: Utaongeza kuchelewa, papa.

DOCTEUR: Sawa na maofisi yetu. Unaandika “maji inakuja”, barua inapanda étage tatu, jibu inashuka: “tutakuja kuangalia nyumba yenu”. Nyumba imeshafika Isangi, kule chini ya mto.

DOUANE: Basi ipe ile ya mwisho nguvu mingi.

PATRICE: Batri itakufa mbele ya usiku wa manane. Maji inakujaka wakati gani?

ANNETTE: Alfajiri.

MIMI: Tuombe courant ya mji.

Hapo walicheka wote, kicheko kichungu. Maporomoko ya kuzalisha umeme yananguruma masikioni mwetu, nasi tunanunua mishumaa.

PATRICE: Bon. Dawa iko moja: kila mutu aondoe ile aliongeza.

DOUANE: Docteur aanze.

DOCTEUR: Mimi usingizi yangu ni nzito. Papa Visa aanze, yeye amezoea kukimbia.

Nikakaza taulo. Annette akaweka birika chini.

ANNETTE: Batonton, wajomba zangu, mawingu iko nyeusi. Mutaondoa ao hapana?

Douane akanyoosha kikombe aongezewe kahawa.

ANNETTE: Patrice, leo usiku nani ataniamusha?

PATRICE: Hakuna mutu, mama. Hama.