Nilishuhudia Nimepona, Mshipa Ukiwa Bado Umefura Kichwani

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena, maana leo namsifu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe.

Naitwa Justina. Nakaa hapa Rugera na mume wangu Projest, tunalima migomba na kahawa kama ninyi. Wengi mnanijua kwa sababu nawafundisha watoto wenu shule ya Jumapili. Na wengi mnakumbuka nilivyosimama hapahapa mbele nikasema Mungu ameniponya kichwa. Ndugu zangu, nimekuja kuwaambia ukweli wa ushuhuda ule. Nilikuwa sijapona.

Ilianza hivi. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanua kahawa, mvua inakuja. Nikainama kukunja mkeka, kitu kikanipiga kichwani. Sisemi kuuma. Kunipiga! Niligeuka kutazama nani amenirushia jiwe. Hapakuwa na mtu. Nikatapika palepale, shingo ikakakamaa, sikuweza hata kuvumilia mwanga. Siku tano nililala ndani, pazia limefungwa. Akina mama wa kanisa wakaja wakaniombea kwa machozi, na siku ya sita maumivu yakashuka.

Projest akaniambia, "Mama Novatus, twende hospitali kwanza wakuangalie."

Nikamjibu kwa ukali, "Wewe unataka kumpima Mungu?"

Jumapili nikaja hapa, nikashuhudia, mkapiga vigelegele.

Hazikupita wiki mbili, kope la jicho la kushoto likaanza kushuka. Kila mtu nikawa namwona wawili. Ndugu zangu, nilijua kabisa kuna kitu kibaya. Lakini nilikuwa nimeshashuhudia! Ningewaambia nini watu? Nikajifunga kitenge kichwani, nikakishusha upande mmoja. Kwa watoto wa shule ya Jumapili nikatuma salamu kwamba nina mafua. Na nikiomba, nilikuwa namwomba Mungu anifiche. Sikumwomba aniponye.

Sasa nina wifi yangu, Oliva, dada yake Projest, ameolewa Nyakakika. Tulikuwa hatusalimiani miaka minne kwa maneno niliyomtolea kwenye msiba wa mama yao. Maneno yalikuwa yangu, makosa yalikuwa yangu. Asubuhi moja akaja kumwona kaka yake, akanikuta jikoni namenya ndizi. Kisu kilikuwa kinakata hewa, ndizi iko pembeni. Akasimama akaniangalia. Kisha akanyoosha mkono akakivuta kile kitenge.

"Jicho limefanya nini?"

"Ni usingizi tu."

"Justina, usinidanganye. Umelificha tangu lini?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Wifi, nilishawaambia watu nimepona. Nikionekana hospitali watasema nilimsingizia Mungu."

Oliva akakaa chini juu ya maganda, akanishika magoti, akasema, "Ukifa umelifunika jicho hilo, hapo ndipo utakuwa umemsingizia."

Hakunipa nafasi ya kujibu. Alimwita Projest shambani, akaita bodaboda, akapanda nyuma yangu akanikumbatia kiuno mpaka Kayanga. Daktari alinimulika jicho. Akauliza habari ya kile kichwa, siku gani, kilianzaje. Nikamweleza. Akasema, "Mama, usitembee tena. Hata chooni utapelekwa." Siku hiyohiyo nikawekwa kwenye gari la wagonjwa kwenda Mwanza, Projest upande mmoja, Oliva upande mwingine.

Ile safari! Kila tuta la barabarani nilisema ndilo hili litakaloniua. Nilihesabu matuta mpaka nikapoteza hesabu.

Mwanza walinipiga picha za kichwa, kisha daktari wa upasuaji akakaa nasi na karatasi. Akachora mshipa wa damu, akachora na uvimbe pembeni yake. Akasema ukuta wa mshipa umechakaa mahali pamoja, umefura kama tyubu ya baiskeli inavyotokeza palipoliwa tairi. Siku ile ya kahawa ulivuja. Ukipasuka tena, huenda tusiwahi. Dawa yake ni kufungua fuvu na kuubana ule uvimbe kwa kibanio kidogo cha chuma kibaki humo maisha yangu yote. Akatuambia na mengine bila kuficha: naweza kufia mezani, naweza kuamka mkono haufanyi kazi, naweza kuamka siwezi kusema.

Projest alinyanyuka akatoka nje. Mwanaume yule sijawahi kumwona analia, lakini nilisikia. Karatasi ya kukubali ikawekwa mbele yangu. Nikaona mistari miwili mahali pa kutia sahihi, nikauliza, "Niandike wapi?" Oliva akaniwekea kidole pale. Nikaandika.

Usiku... hapana, niseme asubuhi, wakati wananisukuma kuelekea chumba cha upasuaji. Ndugu zangu, pale hapakuwa na vigelegele. Nilisema maneno machache: "Bwana, nilikutumia kujipatia sifa. Nisamehe. Nikiishi ni wako, nikifa ni wako." Hofu haikuondoka, nisiwadanganye. Lakini nilijua simfichi tena kitu.

Nilipoamka, daktari alikuwa ameniinamia. "Mama, unaitwa nani?" Nilimwelewa vizuri. Nikatafuta Kiswahili, sikukipata! Nilijitahidi, nikatoa neno moja: "Amaizi."

Daktari akamgeukia nesi. "Anasema nini?" Nesi hakujua. Nikasema tena, nikaona nyuso zao zinabadilika. Walidhani akili imeondoka. Ndipo nikasikia sauti ya Oliva kutoka mlangoni, "Anaomba maji! Hicho ni Kinyambo cha kwetu, anaomba maji!" Chumba kizima kikacheka, na yule daktari akafuta macho yake.

Wiki tatu Oliva alikaa kando ya kitanda akiwatafsiria. Akishika kijiko ananiambia kwa Kiswahili kijiko, nami nafuata kama mtoto. Siku moja nikaweza kumtolea sentensi nzima. Nikamwambia, "Wifi, nisamehe yale ya msibani." Akasema, "Kumbe Kiswahili kimerudi," akalia.

Jicho lilifunguka baada ya miezi kadhaa. Mkono wa kulia hata leo unaangusha vikombe. Kuna maneno yananikimbia, mmesikia wenyewe. Lakini nipo! Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari wale na manesi, nawashukuru akina mama mlioniombea. Maombi yenu hayakupotea. Ni mimi niliyewahi kusema mwisho kabla haujafika.

Sasa nina neno na mama mmoja aliye humu ndani. Simtaji. Uliniambia asubuhi hii kwa sauti ndogo kwamba kichwa kilikupiga ghafla juzi, na kwamba hutaki nyumbani wajue. Mama, mtumaini Mungu, naye hakasiriki ukienda hospitali. Hatungoji ibada iishe. Nikishuka hapa nakwenda moja kwa moja mlangoni, na bodaboda ziko nje. Njoo na hofu yako hivyohivyo. Nitapanda nyuma yako nikushike, na tutaomba njiani.