Safu Nyeupe Kando ya Uzio

Sogeeni, wanangu, msikae mbalimbali kama abiria wasiojuana. Wewe Noelene keti upande huu ambako sikio bado linafanya kazi, na wewe Russell weka simu mfukoni, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Daktari amezungusha maneno, lakini nimemwelewa: la kuvunda halina ubani, na Mei sitaiona. Nimetaka kitanda kigeuzwe kielekee dirishani, si kwa kuwa bustani inapendeza, kwani tangu nianguke haina mtu, bali kwa kuwa ninalotaka kuwausia liko kule nyuma, kando ya uzio.

Kwanza nyumba. Iuzeni. Nilikuona, Russell, ukimtembeza yule mjenzi uwanjani, na sikuudhika. Nyumba ni mbao na mabati, mgawane sawa, wala asitokee mmoja kumwambia mwenzake kwamba yeye ndiye aliyemuuguza mama. Zana za bandani ni za Russell, birika la bibi yenu ni la Noelene. Doreen wa jirani aalikwe mazishini, anywe chai ashibe keki, ila asipewe nafasi ya kusema neno, kwa sababu ndiye aliyetushtaki halmashauri mwaka wa ukame, ati tunafungulia mpira wa maji usiku wakati umepigwa marufuku, na mkaguzi alipokuja alimkuta baba yenu na ndoo ya maji tuliyokwisha kuogea, yana povu la sabuni. Nimemsamehe Doreen. Kusahau nimeshindwa.

Sasa ukame wenyewe. Usiinuke, Noelene. Baba yenu Vern alianguka Februari ile, jua la mchana kichwani, ndoo mbili mikononi, akafia palepale kwenye safu ya yale maua meupe, krisanthemamu, na siku ya kumzika ulisimama jikoni mbele ya watu ukaniambia, "Maua yako yamemuua baba." Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya Akina Mama, mwezi Mei, mji mzima unapobeba krisanthemamu nyeupe kupelekea mama zao, wewe hunijia na keki. Sikukujibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huu.

Hukuongopa, mwanangu. Lakini kumbuka bustani ilivyokuwa mwaka ule: maua ya njegere, ambayo kila mwenye bustani hapa huyapanda siku ya Mtakatifu Patriki mwezi Machi, Machi iliyotangulia hatukuyapanda kabisa, mawaridi yalikauka yakawa kuni, nami nilimwambia Vern aache vyote vife. Akaniangalia, akasema si vyote. Bustani nzima aliiacha ikaungua, akabeba maji ya safu ile tu, nanyi mkadhani mzee amepumbazwa na maonyesho ya maua na kombe lao la bati.

Kabla yenu nilizaa mtoto wa kike. Hakulia. Walimfunga kitambaa wakatoka naye, sikumwona hata kidole, na siku hizo mama hakuulizwa anataka nini, Vern alipotaka kujua amezikwa wapi aliambiwa mambo yamekwisha kushughulikiwa, na muuguzi akanishika bega akasema, "Nendeni nyumbani mkazae mwingine." Kaburi halipo. Jina halikuandikwa popote, ila baba yenu alimwita Marjorie, jina la mama yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wenzetu walivuka barabara wasikutane nasi, na Mei ilipofika, kila mama kanisani alikuwa na ua jeupe kifuani, mimi sina, nikarudi nyumbani nikajifungia chooni nikalia mpaka sauti ikakauka. Wiki ile ile Vern alichimba kando ya uzio, akapanda safu ile. Na kila mwaka baada ya hapo, siku hiyo, kabla hamjaamka, alichuma ua moja akaliweka kwenye kikombe karibu na kitanda changu, akasema, "Limetoka kwa Marjorie." Kisha nyinyi mkaingia na maua yenu, na chai iliyomwagika nusu kwenye sahani.

Usiniulize kwa nini hatukuwaambia. Siku zile jambo hilo halikuwa na maneno, na maneno yalipopatikana tulikuwa tumezoea kunyamaza. Tangu afe, ua lile nalichuma mwenyewe. Ua la kujichumia ni zito.

Sikilizeni sasa, naona dirisha linafifia. Safu ile namwachia Noelene. Usinune, Russell. Wewe ndiye uliyekuja majira ya baridi kunisafishia bustani, ukaona mashina makavu, ukayang'oa upande mzima ukayatupa pipani kwa moyo mwema kabisa, na baba yako akazama pipani hadi kiunoni kuyatoa. Yakikauka hayajafa. Yakimaliza kutoa maua yakateni yabaki urefu wa kidole, yalale. Baridi ikiisha chimbueni, mpande machipukizi ya pembeni, shina kuukuu la katikati mlitupe, kwani halibebi tena. Ncha zipunguzeni mpaka Krismasi, baada ya hapo msiziguse. Matumba ya ubavuni nyofoeni, libaki moja kwa kila kikonyo, na usiku wa jalidi yafunikeni kwa shuka kuukuu. Nampa Noelene kwa sababu aliyelichukia jambo miaka yote hii hawezi kulisahau. Lakini kuchimbua, chimbueni wawili, kabla mtambo wa mjenzi haujaingia.

Nipe maji. Kidogo tu... basi.

Mungu awape usingizi mzuri, wanangu. Asiwazike mkiwa mmenuniana. Watoto wenu wawafikie kitandani kabla... kabla hamjawaita.

Jeneza langu lisiwekwe hata ua moja la safu ile. Matumba bado madogo, yaacheni yakomae. Mei ikifika, Noelene... asubuhi, watu wamelala... chuma moja. Makaburini usilete. Liweke kwenye kikombe, kwako, dirishani. Useme limetoka kwa nani.

Na mchungaji atakuja kuuliza... ya kusoma mazishini. Atauliza mama yenu alizaa wangapi.

Msiseme wawili.