Kikombe cha Hita

Benchi letu liko mwisho wa jukwaa la kwanza, stesheni ya Tarnford, pale paa linapovuja, ubavuni mwa kibanda cha kahawa cha Noreen. Kuna watu watakwambia lile ni benchi la stesheni. Waongo. Ni letu, mbao zake zimeshika umbo la makalio yangu, njoo uangalie. Noreen ndiye aliyetubatiza. Asubuhi foleni inafika barabarani, hana muda wa kuuliza mtu jina, anakutupia jicho moja na kuandika kikombeni kile alichokiona. Mimi fundi lipu, natembea na ndoo, basi ni Ndoo. Yule mrefu anayelinda mlango wa mahakama huko London ni Jaji. Yule mama wa ofisi ya bima, haachani na mwavuli hata jua likiwaka, ni Mwavuli. Wa nne wetu ni Hita, mzee wa koti la kijivu, kwa sababu kwenye zile treni kuukuu alikuwa na kiti chake kimoja tu, behewa la pili, dirishani, juu ya hita inayopuliza joto. Sasa wiki iliyopita wameziondoa treni kuukuu na kutuletea mpya. Na tangu siku ile Hita hatumwoni. Asubuhi ninayoisema ilikuwa ya mvua ile ya Novemba, hainyeshi vizuri wala haikomi, na kikombe cha Hita kilikuwa juu ya kaunta, kimejaa, kimeandikwa, hakina mwenyewe.

— Noreen, unamwaga kahawa bure, Jaji akasema. Leo tena umemjazia.

— Kahawa ni yangu au yako?

— Nasema tu.

— Basi usiseme tu. Kunywa.

Spika ya stesheni ikakohoa. Yule mama wa ndani ya spika, ambaye sijui analala saa ngapi, akaomba radhi: treni yetu imechelewa kwa sababu majani ya miti yameanguka relini.

— Majani, Mwavuli akasema. Alisema kama mtu aliyeambiwa chai imeisha.

— Nchi iliyotawala bahari zote, nikasema mimi, leo inasimamishwa na jani. Zile kuukuu zilikuwa zinakula majani! Mimi nimeiona moja kwa macho yangu imepita juu ya mti mzima, mwaloni, na mizizi yake, na chai yangu haikumwagika.

— Ndoo, bwana, bado hata hakujakucha.

— Uliza mtu yeyote.

— Nimuulize nani? Wewe kila uongo wako shahidi alishakufa.

Lakini kuhusu treni zile sisemi uongo. Watu wa reli walikuwa wanaziita kwa namba, mia nne hamsini na tano, kama wafungwa. Zilizaliwa miaka ya themanini, nami nilizipanda nikiwa bado na nywele. Nimezipanda kuliko madereva, maana dereva ana likizo. Zilikuwa zinaondoka kwa kuguna, sauti inapanda kidogo kidogo kama mzee anayeinuka kwenye kochi. Viti vimebonyea, madirisha yanalia. Ila hita zake! Zimefichwa chini ya kiti, zinakupuliza kwenye vifundo vya miguu mpaka soksi zinanuka mkate. Mimi soksi zangu nilikuwa navua nazianika pale. Siku moja nilipika yai.

— Hukupika yai, Mwavuli akasema.

— Nililipika. Na Hita alikula nusu.

— Hita hali mayai.

— Wewe umejuaje?

— Mara ngapi Noreen kamtolea mkate wa yai, akaukataa? Anakula wa jibini. Anautoa ganda, anawapa njiwa.

Tukaangalia njiwa. Walikuwepo wawili, wamejikunyata chini ya kaunta, na wao wanangoja.

— Mimi nimeshajua alipo, Jaji akasema. Nimefikiria usiku kucha. Treni zimepelekwa kukatwakatwa, si ndiyo? Vyuma chakavu. Sasa Hita alikwenda nazo.

— Kwenda nazo vipi?

— Alipanda, akakaa kwenye kiti chake, akakataa kushuka. Wenye kukata vyuma wanamwambia mzee teremka, anasoma gazeti. Wanazima umeme, anasoma gazeti. Sasa hawawezi kulikata behewa na mtu ndani. Sheria haiwaruhusu. Hilo najua, mimi ni mtu wa mahakama.

— Wewe unafungua mlango, Noreen akamwambia.

— Mlango wa nini? Wa mahakama.

— Si hivyo, Mwavuli akasema. Alikuwa anazungusha kikombe mikononi, hanywi. Mimi naona, akaendelea, yeye ndiye aliyezitengeneza. Ndiye aliyezivumbua zile hita. Mnakumbuka alivyokuwa anakaa? Anaweka kiganja pale chini kwanza, kama daktari. Kisha anatikisa kichwa, anakaa. Kila siku. Mtu hapimi kitu cha mwenzake namna ile. Sasa wamemchukua akaweke hita kama zile kwenye majumba ya wakubwa. Majumba yale ya mawe ni baridi, nimesoma.

— Jamani, nikasema, mnahangaika na mimi nimekaa hapa. Kwa nini hamniulizi? Yule ni rafiki yangu. Mimi Hita namjua kuliko mkewe.

— Ana mke?

— Sijasema ana mke. Nasema kama angekuwa naye. Hita ni tajiri. Mnaona lile koti? Lile analivaa makusudi, ili msimwombe. Ofisi yake iko ghorofa ya nane, ng'ambo ya mto, ana lifti yake peke yake, akisaini karatasi moja watu mia tano wanakula. Alinialika mara kadhaa, nikamwambia ndugu yangu, mimi na lipu zangu nitakuchafulia zulia. Sasa aliposikia treni zinakatwa, akazinunua. Zote. Ameziweka shambani kwake, zimepangana mpaka kwenye kilima, hita zinawaka, kondoo wamekaa ndani, dirishani. Pamba yao mwaka huu itatoka imeshaiva.

— Sufu, Mwavuli akasema.

— Nini?

— Kondoo hawatoi pamba, Ndoo. Wanatoa sufu.

— Hao wa Hita wanatoa pamba.

Jaji akacheka mpaka akakohoa. Mwavuli naye alitabasamu upande mmoja, halafu tabasamu likaondoka. Akaangalia chini, kwenye jukwaa. Pale mbele ya benchi, ukiangalia vizuri, kuna mahali pamesuguliwa. Ndipo tulipokuwa tunasimama sisi wanne. Zile treni kuukuu zilikuwa zikisimama, mlango unakuja wenyewe mpaka puani mwako, hukosei hata wakikufunga kitambaa machoni.

— Ile siku, Mwavuli akasema. Siku ya kwanza ya hizi mpya. Mlimwona?

— Tulimwona wote.

— Hapana, mlimwona?

Mimi nilimwona. Treni mpya ilikuja kimya, ndefu, inang'aa, ikasimama, na mbele yetu hakukuwa na mlango. Ukuta tu na dirisha. Milango ilifunguka kule mbali, upande wa ngazi. Watu wote wakakimbia. Mimi na ndoo yangu nilikimbia, namshukuru Mungu kwa magoti niliyonayo, mtu mwingine wa umri wangu angebaki. Tulipoingia tukageuka kuangalia nje. Hita alikuwa bado amesimama palepale tulipomwacha, mbele ya lile dirisha. Alikuwa ananyoosha mkono kwenye bati, kama anatafuta kitufe cha mlango. Kisha treni ikaondoka. Haikuguna. Akatupungia.

— Nilidhani atapanda inayofuata, Mwavuli akasema.

— Wote tulidhani, Jaji akasema.

— Kuna mtu angeweza kuzuia mlango.

— Hii milango mipya haizuiliki, nikasema. Inakata mkono. Mimi namjua mtu...

— Ndoo. Tafadhali.

Basi nikaacha. Spika ikaomba radhi tena. Bado majani. Noreen alipangusa kaunta kuzunguka kile kikombe, hakukisogeza.

Ndipo akaja yule mwanamke. Hatukuwahi kumwona. Wa miaka arobaini hivi, nywele zimelowa, koti la haraka haraka, vifungo vimekosana. Hakuja kama msafiri, msafiri huwa anaangalia juu kwenye saa. Yeye alikuwa anaangalia nyuso. Akafika kibandani, akataka kuagiza, macho yake yakaangukia kile kikombe.

— Samahani, akamwambia Noreen. Hicho kilichoandikwa Hita. Hita ni nani?

— Ni mteja wangu. Hajafika.

— Mzee? Koti la kijivu?

Jaji akasimama. Mwavuli akasimama. Mimi nilikuwa nimeshasimama kabla yao.

— Ni baba yangu, akasema. Anaitwa Ambrose.

Ambrose! Tukaangaliana. Jaji alilitamka polepole, bila sauti, kama mtu anayejaribu kiatu.

— Yuko wapi? Mwavuli akauliza. Yuko hai?

— Yuko hai. Alianguka jikoni, wiki iliyopita, siku moja aliporudi nyumbani mapema. Amevunjika nyonga. Yuko hospitali, hapa juu, ng'ambo ya daraja. Wamemfanyia upasuaji, madaktari wanasema umekwenda vizuri. Lakini hataki kula, hataki kuongea na mtu. Kila asubuhi, kabla hakujakucha, anajaribu kuteremka kitandani. Wanamrudisha. Anawaambia: niacheni, nitachelewa. Jana alilia. Sijawahi kumwona baba yangu analia.

— Waambieni kazini, Jaji akasema. Mtu akivunjika nyonga ana haki zake. Wapigieni simu kazini kwake, watamwandikia ruhusa.

— Kazini? Yule mwanamke akamtazama. Baba aliacha kazi miaka sita iliyopita. Alikuwa anauza viatu hapahapa Tarnford. Maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi London.

Niliona Mwavuli ananigeukia, kwa ajili ya ile ghorofa ya nane. Ningependa angenisuta.

— Mimi naishi mbali, nilikuwa sijui lolote, yule mwanamke akaendelea. Jana jirani yake ndiye ameniambia. Anasema tangu mama alipofariki, baba anatoka kila siku asubuhi, amenyoa, amevaa tai, anakuja stesheni. Anarudi mchana. Nikafikiri labda kuna mtu. Labda kuna mahali wanamngoja, na mimi nikiwaambia wamtumie hata neno moja, atatulia. Kwa hiyo nimekuja kuuliza. Nyinyi mlikuwa mnapanda naye?

— Kila siku, Mwavuli akasema.

— Alikuwa anashukia wapi?

Jaji akamwangalia Mwavuli kwanza.

— Mimi nateremka kabla ya mwisho, akasema. Namwacha amekaa.

— Mimi nafika mwisho, stesheni ya Waterloo, Mwavuli akasema, lakini nakuwa na haraka. Nashuka, namwambia siku njema. Naye ananiambia siku njema. Anakuwa bado amekaa.

— Sasa alikuwa anakwenda wapi?

Swali dogo namna hiyo. Mtoto angeweza kuliuliza. Tulikuwa tunajua sukari yake mbili, mguu wake wa kushoto unaouma mvua ikikaribia, ganda la mkate wake na njiwa wake. Tulijua anapenda kusikia uongo wangu, maana alikuwa anainamisha kichwa upande huu, anasema "endelea". Hiyo tu. Wote wawili wakaniangalia mimi, mimi ambaye tangu nizaliwe sijawahi kukosa jibu, niliyewahi kumjibu askofu mpaka akavua kofia. Nikaangalia ndoo yangu. Ilikuwa na maji ya mvua kidogo.

— Hakuna anayejua? yule mwanamke akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu.

Noreen alichukua kile kikombe kilichopoa, akamwaga nyuma ya kibanda. Akatoa kipya, akaandika, akajaza mpaka juu, sukari moja, sukari mbili, akafunika. Akafunga na mkate wa jibini kwenye karatasi.

— Kule unaanza kupanda ngazi, halafu daraja, akamwambia. Ukienda haraka kitafika cha moto.

Ndipo treni ikaja. Sasa hivi ndiyo ikaja, baada ya majani yote hayo. Iliteleza kimya mpaka ikasimama mbele yetu, ukuta na dirisha, na milango ikafunguka kule mbali. Watu wakakimbia. Sisi watatu hatukuondoka. Sijui kwa nini hatukuondoka, hakuna aliyemwambia mwenzake tusiondoke. Nilikuwa na ukuta mzima wa lipu unaningoja, na mwenye nyumba ana mdomo kuliko mimi.

Yule mwanamke alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili.

— Nimwambie nini? akauliza. Akisema amechelewa, nimwambie nini?

Nyuma yake treni ilikuwa imesimama inang'aa, taa zote zinawaka, milango iko wazi, spika inatuhimiza tupande.

— Mwambie atulie, nikasema. Mwambie Ndoo amesema treni bado haijaja.