Lori Lililoandikwa Kuwa Limepotea

Kitu kilichoazimwa vitani hurudishwa kwa nani, iwapo mwenyewe ameshaandika kwamba kilipotea? Mwanafunzi alijiuliza hivyo ndani ya basi, ameketi kando ya mjomba wake. Alikuwa ametoka kusoma kumbukumbu za magari yaliyoazimwa majeshi rafiki wakati wa vita, na lori moja lililoandikwa humo kuwa limepotea lilikuwa uani kwao.

"Mjomba, namba ni ileile."

"Kama wamelipoteza wao, msomi wangu, acha lipotee," mjomba akanong'ona kwa sauti iliyomfikia dereva wa basi. "Marehemu babu yako alitufundishia udereva mle. Mama yako alizaliwa mlemle, njiani kwenda hospitali. Ukiliandika kwenye utafiti wako, watakuja kulibeba."

Mwanafunzi akaikumbuka harufu ya viti vya lori hilo baada ya mvua.

Basi likasimama, abiria wametega masikio. "Nitaandika kuwa lipo, mjomba, na kazi zote lilizotufanyia. Wakilitaka, waje wamwombe bibi."